Jiwe la Angani Chini ya Mkokoteni

Leo nimemwaga vitunguu vya watu kwa ajili ya utafiti.

Mwajua nasomea mawe yanayoanguka kutoka angani. Mengi yana chuma ndani, kwa hivyo sumaku haitoki mkobani mwangu.

Basi asubuhi niko sokoni Kongowea, nimekwenda kununua mchicha tu, nikaona jiwe jeusi chini, kama lililoungua. Nikainama, nikaligusisha sumaku. Ikang'ang'ania.

Wallahi moyo ulinienda mbio. Nikalivuta.

Mkokoteni uliojaa vitunguu ukaanza kuteremka.

Kumbe jiwe lilikuwa limezuia gurudumu.

Hamali mwenye mkokoteni, mzee wa makamo, akaukimbilia na kuudaka karibu na meza ya muuza ndizi. Gunia moja likapasuka.

"Shikamoo mzee. Niwie radhi. Hili jiwe huenda limetoka angani."

Akaniangalia. Akaliangalia jiwe.

"Marahaba. Lirudishe, kisha tuokote vitunguu."

Nimeokota mpaka kiuno kinaniuma. Tulipomaliza, nikamwomba tubadilishane, nimletee tofali zuri, jipya.

Akacheka, akalisukuma jiwe kwa mguu likakaa sawa.

"Lingekuwa jiwe tu, mwanangu, ningekupa. La angani silitoi."

Mdomo wangu huu. Nyinyi mngemwambia nini?