Vitunguu vya Mbegu

Kwa miaka minne Enesi alimpikia baba mkwe wake, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwona uso.

Ndivyo Wandali walivyoishi, hata hawa waliohama milima yao na kuja kulima Isansa. Mwanamke aliyeolewa alimkwepa baba wa mumewe. Akimsikia anakuja aliacha njia, akageuka, akangoja apite. Jina lake hakulitamka. Mwinjilisti alifundisha kanisani kwamba watu wa Kristo wanaweza kusalimiana na wakwe zao, na Enesi aliitikia amina kwa moyo wote. Jioni ile ile, fimbo ya mzee ilipotokeza kwenye kona ya migomba, miguu yake ilimwingiza kwenye mahindi kabla hajaamua lolote.

Basi alimjua kwa kikohozi chake, kwa mgongano wa fimbo na mawe, na zaidi kwa bakuli zilizorudi. Zilirudi safi, zimefutwa kwa tonge la mwisho. Aliyezipeleka na kuzirudisha alikuwa Tumpe, wifi yake, mjane aliyerudi kwa baba yake akiwa na sanduku moja na ulimi mkali.

Mume wa Enesi, Lusubilo, alivuka mpaka wa Tunduma mwaka 1947 kwenda migodini Rodesia ya Kaskazini. Siku ya kuondoka hakusema mengi. "Mzee ale," alimwambia. "Mvua za mwaka wa pili zikikatika nitakuwa nimerudi. Nataka nimkute."

Enesi aliyashika maneno hayo. Alipika maharage, majani ya maboga, dagaa wakavu, vyakula vya kila siku tu. Lakini kila chungu kilianza na vitunguu vile vidogo vyekundu alivyoviacha marehemu mama mkwe. Huvipati kwa kupanda punje. Unafukia kitunguu kimoja kwenye tuta la bondeni, nacho kinagawanyika na kuwa saba au nane. Vya kula hukaa kikapuni. Vya mbegu hufungwa mafungu na kuning'inizwa juu ya mafiga, moshi uvitunze mpaka mvua zikatike. Ukivila hivyo umekula tuta zima.

Mwaka 1949, mwezi wa Februari, bakuli ilirudi nusu.

"Anaumwa?" Enesi aliuliza.

"Anasema uongeze vitunguu," alijibu Tumpe.

Kesho yake aliongeza. Alivikata vyembamba, akavikaanga kwa mafuta ya karanga mpaka kingo zikawa na rangi ya kahawia, ndipo akamimina maharage. Bakuli ilirudi nusu tena.

"Ongeza," alisema Tumpe. "Wifi, hicho kitunguu unakitia chunguni, au unakionyesha tu kisha unakirudisha kikapuni?"

Enesi alicheka, lakini usiku hakulala. Aliuonja mkono wake kama mtu anayetafuta kosa kwenye ngozi. Alipunguza chumvi, akaizidisha. Akatwanga karanga laini zaidi. Kikapu kikaisha katikati ya Machi, naye akapanda juu ya kigoda akafungua fungu la kwanza la mbegu.

Kisha ukaja ujumbe mwingine. Mzee alitaka apikie kwenye jiko la zamani la marehemu, lile lililoegemezwa kwenye ukuta wa chumba chake.

"Kuna nini huko?" Enesi aliuliza. "Anataka anichunguze?"

"Utachunguzwaje na ukuta, mama wewe? Hamia tu."

Alihama na mafungu yake matatu. Sasa kati yao palikuwa na udongo na fito tu. Alipika akiwa ameupa ukuta kisogo, akisikia pumzi za mtu yule zikipanda kwa shida. Alikanyaga taratibu, hakuimba. Kila siku aliongeza vitunguu, na kila siku Tumpe aliondoka na bakuli ya moto na kurudi nayo ikiwa imepoa. Fungu la pili likaisha, akaanza la tatu. Usoni Tumpe alikuwa amenenepa kidogo.

Hilo ndilo lililomfungua Enesi macho, mashavu ya wifi yake.

"Ni wewe unayekula," alimwambia siku moja asubuhi, Aprili, mvua ikinyesha nyembamba. "Tumpe. Niambie kweli."

Tumpe aliweka bakuli chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Nakula nusu ili isirudi imejaa. Aliniapisha. Koo limeziba, wifi, tangu Februari. Hata uji unarudi. Maji anayafyonza kwenye kitambaa."

"Na vitunguu? Mbona kila siku ongeza, ongeza?"

"Havili. Anapenda vinukie. Ukianza kukaanga anaomba nimgeuzie uso ukutani, na akigeuka hivyo anatulia. Alisema ukijua kwamba hali, utaacha kupika."

Enesi alikaa juu ya kigoda. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku mbili, na mgonjwa hakuwa mtu wa kubebwa tena. Lusubilo hakuwa na anwani ila jina la mgodi. Miezi miwili alikuwa amepigana na chumvi na karanga. Kama angemwona uso hata mara moja angejua. Alitazama ukuta. Mlango wa chumba ulikuwa hatua sita tu, na alijua kwamba hatainuka kuupita.

Juu ya mafiga kulibaki vitunguu vitano. Vitano vingetosha kuanzisha tuta upya.

Akavitoa kambani.

Alivimenya vyote, akavikata polepole, akatia mafuta. Vilipoanza kulia chunguni alichukua ungo, akapiga magoti penye ufa wa ukuta, akaupepea moshi uingie ndani. Alipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Upande wa pili pumzi ilivutwa, ikakaa, ikaachiwa. Ikavutwa tena. Vitunguu vikaungua, vikawa vyeusi, naye akaendelea kupepea.

Lusubilo alifika mwezi wa Mei, mvua zilipokatika, kama alivyoahidi. Kaburi lilikuwa na wiki tatu. Alikaa jikoni bila kuvua viatu.

"Alikula?" aliuliza.

Enesi aliinua macho juu ya mafiga, penye kamba tupu.

"Nilipika," alisema.