Visanduku Vinne

Harufu ya karatasi zile ilinifika kabla hazijagawiwa. Zilikuwa zimetoka kwenye mashine ya kunakili asubuhi ileile, na wino wake ulinuka kama mafuta ya taa yaliyotiwa kitu kitamu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la saba katika skuli ya wasichana mjini Unguja. Mgeni wa serikali alikuja kupima vipaji vyetu, ajue nani apelekwe kusomea ualimu na nani abaki kwenye mapishi na ushoni. Mimi nilikuwa nautaka ualimu kuliko kitu chochote. Mwalimu wetu, Bi Zuhura, alisema mtihani huu hausomewi, na hilo ndilo lililonitisha. Kila nilichokijua nilikipata kwa kukariri. Nikikosea neno moja kwenye daftari, nilinakili upya ukurasa mzima.

"Leo hakuna kusoma wala kuandika," alisema Bi Zuhura. "Ni picha tu, nazo zimevurugwa. Kila picha ina namba yake. Zipangeni kama mambo yanavyotokea, mjaze namba kwenye visanduku vinne vya chini."

Swali la kwanza: mwanamke ananunua samaki, anampara magamba, anampika, watu wanakula. Nilikaribia kucheka kwa wepesi wake. Nilijaza maswali yote, nikayahakiki mara tatu, nikatoa karatasi isiyo na mfuto hata mmoja. Salma, mwenzangu wa dawati, alikuwa bado anatafuna kalamu. "We nawe, umemeza mashine?" alininong'oneza.

Alasiri nilikwenda chuoni, ambako nilisoma Kurani tangu nina miaka mitano. Nilipouweka ubao mapajani niandike aya yangu, mkono ulikwenda wenyewe upande wa kulia, kunakoanzia maandishi ya Kiarabu. Nikaganda. Karatasi ya asubuhi haikuwa na herufi hata moja, na mkono wangu, ulipokosa herufi za skuli, ulirudi kwenye upande uliojifunza kwanza. Visanduku vyote nilikuwa nimevijaza kuanzia kulia.

Nilikimbia hadi Mkunazini, nyumbani kwa Bi Zuhura. Nilimkuta ukumbini anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Una nini wewe, unafukuzwa?"

Nilimweleza kwa pumzi moja. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Yaani kwenu samaki mwamla kwanza, kisha ndo mwenda kumnunua?" Halafu akauona uso wangu. "Karatasi zishapelekwa, mwanangu. Kazichukua mgeni mwenyewe."

"Si umwambie tu? Akizisoma namba zangu kutoka kulia, zote sahihi."

"Nimwambie mimi? Maelekezo nimeyatoa mimi. Atasema sikuyatoa vizuri."

Akauchukua tena ungo, lakini hakupepeta. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akimwogopa mgeni yule kama mimi nilivyomwogopa yeye, na kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache. Salma alipewa ualimu. Mbele ya jina langu paliandikwa: mikono mizuri, fikra hazina mpangilio, ushoni. Baba alisoma, akaikunja karatasi taratibu. "Wao ndo wanaojua," alisema, na maneno yakaisha. Nikashona. Niliyoyajua baadaye niliyapata kwenye vitabu vya kuazima, peke yangu, baina ya gauni na gauni. Nakiri jambo moja la aibu: niliyaamini maneno yale. Hata sasa, nikikaribia miaka thelathini, sisemi jambo kabla sijalipanga kichwani mara tatu, na makala haya nimeyanakili mara sita.

Siku hizi watoto wanaulizwa. Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja na karatasi ya skuli yenye swali moja tu: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Nilimwonea wivu, mtoto wa miaka kumi.

"Shangazi, wewe ulitaka kuwa nani?"

"Mwalimu."

"Mbona hukuwa?"

Nilichukua sindano, nikaanza kutunga uzi. Akanitazama, kisha akasema kwa huruma, "Basi ntaandika mwalimu." Akaandika, kwa wino. Jana yake tu alikuwa akisema anataka kuwa nesi. Sikujua nimshukuru au nimnyang'anye kalamu, na nilipokuwa nikilipanga la kumwambia, alikwishaikunja karatasi na kuitia mkobani.