Siku Nyota Alipomeza Kiazi

Ng'ombe akikohoa, sauti yake haifanani na kitu kingine. Ni nzito, ina majimaji ndani yake, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo kubwa. Juzi niliisikia tena. Wachungaji walikuwa wanapitisha ng'ombe barabarani kuelekea sokoni, nami nikajikuta nimesimama dirishani, sahani yenye povu la sabuni mkononi, nikitamka kwa nguvu neno la Kiingereza nililojifunza nikiwa na miaka tisa: "Cough!"

Mjukuu wangu alinitazama. "Nyanya, uko unasema na nani?"

Ngoja niwaambie ninyi, maana yeye alikuwa na haraka ya kwenda shule.

Miaka michache kabla ya uhuru tulikaa Cimpunda, mtaa wa mjini kwetu, na Shangazi Nsimire, dada mkubwa wa baba, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Uganda. Mume wake alifia huko. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi alilea watoto wa Waingereza waliokuwa na shamba la ng'ombe. Alirudi na sanduku la bati, koti la mvua la kijani, na kitabu cha watoto kilichong'oka jalada. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mnyama, na chini ya picha neno moja tu. Halikuwa jina la mnyama. Lilikuwa kitu anachokifanya.

Shuleni masista walitufundisha Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichokuwa kinafungua milango mjini. Jirani yetu alimcheka shangazi waziwazi: "Kiingereza ya nini huku, maman? Bazungu ya hapa banasema Kifaransa!" Shangazi hakujali. Kila alasiri alituita uani, watoto saba au wanane, akafungua kitabu, nasi tukageuka wanyama.

Sijui kama nimewahi kusoma kwa furaha kama ile. Kwetu sisi mbuzi analia, kondoo analia, paka analia, na mtoto mchanga naye analia. Kumbe Waingereza wamempa kila mmoja kilio chake! Kondoo alikuwa na "bleat", farasi alikuwa na "neigh". Farasi hakuna aliyewahi kumwona, lakini hilo halikutuzuia. Shangazi akipaza sauti "Gallop!" tuliteremka kilima mbio, vumbi jekundu nyuma yetu, mpaka mama mmoja aliyekuwa ameanika muhogo akatufukuza kwa ufagio. Akisema "Kick!" tulipiga mateke hewani. Akisema "Chew!" tulitafuna polepole, macho yamelegea, kama ng'ombe anayecheua. "Swallow!" tulimeza mate hadi koo zikakauka. Na "Cough!" ndiyo tuliipenda kuliko zote. Tulikohoa wote pamoja mpaka baba akatoka ndani kuuliza nani mgonjwa.

Ilipofika likizo kubwa, katikati ya kiangazi, nilipelekwa kijijini Mumosho kwa nyanya yangu, mama yake baba. Mwaka ule nyumba yake ilikuwa na huzuni. Tonton Bahati, mdogo wa baba, alikuwa amefiwa na mke wake siku ya kujifungua, na mtoto, Riziki, alikuwa na miezi minne tu. Aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, Nyota, jike mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Nyanya alikamua, akachemsha, akachanganya na maji, akamnywesha Riziki kwa kijiko. Mtoto alipiga miguu kila alipokiona kile kijiko kinakuja.

Nyasi zilikuwa zimekauka, kwa hiyo Nyota aliongezewa viazi vitamu. Nyanya aliniwekea sharti moja: nisimpe kabla ya kuvikatakata. Nilitii siku tano. Siku ya sita nilikuwa na haraka, maana nje ya uzio kulikuwa na jambo. Njia ya magari ya kwenda mji wa Usumbura ilipita karibu, na mbele kidogo, mahali mteremko mkali unapoanza, palikuwa na kizuizi. Magari yalishuka na kupanda kwa zamu. Siku hiyo palisimama gari moja dogo lililojaa vumbi, na kando yake wanawake wawili wa Kizungu waliovaa suruali. Suruali! Nilimtupia Nyota kiazi kizima, kikubwa kama ngumi ya mtu mzima, nikakimbilia uzio.

Sikufika. Nyuma yangu nilisikia kikohozi.

Nilipogeuka, Nyota alikuwa amenyoosha shingo, ute unamtoka mdomoni kama kamba. Alikohoa tena. Kisha ubavu wake wa kushoto ukaanza kuvimba, nikiuona kwa macho yangu, kama mtu anayepuliza mpira. Akajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akapiga magoti, akalala.

Nyanya alikuja mbio na Riziki mgongoni. Majirani walikuja. Tonton Bahati aliinama, akaweka kiganja kwenye ubavu ule mgumu, kisha akainuka na kwenda kuchukua panga.

"Mama, hii ngombe iko nakufa," alisema. "Tuichinje sasa, tusipoteze nyama pia."

"Na mutoto atakunywa nini? Nyama?" Nyanya alisimama mbele ya Nyota. "Bahati, weka hiyo kitu chini."

"Imekula nini?" mtu aliuliza.

Macho yote yalinijia. Niliangalia miguu yangu.

Hapo ndipo mmoja wa wale wanawake wa Kizungu aliposukuma watu akapita. Alikuwa mrefu, nywele fupi, mikono imeiva kwa jua. Alimtazama Nyota mara moja tu, akarudi garini mbio, akaja na mkoba wa ngozi. Baadaye Shangazi Nsimire aliniambia kwamba hakika yule alikuwa daktari wa mifugo. Sisi tulichoona ni kwamba alitoa chuma kirefu chenye ncha na kuanza kupapasa ubavu wa Nyota akitafuta mahali pa kutoboa ili hewa itoke, huku anatuuliza maswali. Tonton alimjibu kwa Kifaransa chake chote. Yule mama alitikisa kichwa. Alisema tena, polepole, na mimi nikasikia "chew". Nikasikia "cough".

Moyo wangu uliruka kama chura. Nilikuwa ninayajua yale maneno! Niliyajua kwa koo, kwa miguu, kwa vumbi la kilima chetu.

Nilisogea mpaka mbele yake. "Cow no chew," nilisema. "Cow cough. Cow kick." Kila neno nililitenda kama tulivyofanya uani. Nilikohoa, nikapiga teke, mtu mmoja akacheka kwa woga. Yule mama alinikazia macho, akapiga goti tuwe sawa. Sasa lilibaki lile neno jingine. Niliokota kiazi kwenye kikapu, kizima, nikakiinua juu, kisha nikakipeleka kooni kwangu.

"Cow swallow," nilisema, na machozi yakanitoka.

"Swallow?" aliuliza, akigusa koo lake.

Niliitikia kwa kichwa.

Alikiweka kile chuma chini. Alipapasa shingo ya Nyota toka chini kwenda juu, akasimama mahali pamoja, uso wake ukabadilika. Kwa ishara aliomba mafuta. Nyanya alileta ya mawese, naye akajipaka mkono hadi kiwikoni, ukawa mwekundu. Tonton na wanaume wawili walishika kichwa, wakaweka kipande cha mti kati ya meno. Mwenzake yule mama alisukuma uvimbe kutoka nje ya shingo, na yeye akaingiza mkono wote kinywani. Riziki peke yake alikuwa analia.

Mkono ulitoka na kiazi.

Na baada ya kiazi ikatoka hewa. Jamani! Nyota aliachia mbweu ndefu kama honi ya lori, yenye harufu iliyowarudisha majirani hatua tatu nyuma. Ubavu ukaanza kushuka. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini, akanielekezea kidole chenye mawese na kusema, "Belch!"

"Belch!" nilirudia. Na watu wote wa Mumosho waliokuwa pale, wazee kwa vijana, wakapiga kelele: "Belichi!"

Kizuizi kilifunguliwa, honi ikaita. Yule mama alinawa mikono, akanipapasa kichwa, wakaondoka. Sikuwahi kujua jina lake. Nyota alisimama kabla ya jua kuzama, na jioni ile Riziki alipata kijiko chake.

Niliporudi Cimpunda, shangazi alinifanya nisimulie mara nne, na neno jipya likaingia katika masomo yetu. Juma zima uani petu hapakusikika kitu kingine.

Lakini sijawaambia habari ya kesho yake asubuhi. Nililala nikijisifu kwa mambo mawili: kwamba nimemwokoa ng'ombe, na kwamba nimeungama kosa langu kwa lugha ambayo pale nyumbani hakuna anayeijua. Nyanya aliniamsha mapema. Alinipa kikapu cha viazi na kisu chake mwenyewe, kile kidogo alichokuwa haazimi mtu.

"Wende ukalishe Nyota," alisema. Basi, akamgeukia mtoto.

Nilidhani hajui kitu. Nilivikata viazi vyembamba kama kucha, na nilifurahi kwamba nimepona. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu sita, na sahani nyingi zilizovunjwa na watu wasiojulikana, ndipo nikaelewa. Nyanya alikuwa amesimama pale. Aliona kiazi kizima kikitoka kooni. Alijua tangu wakati ule ni mkono wa nani uliokitupa, na bado kulipokucha alinikabidhi mimi ng'ombe aliyemlisha Riziki.