Mbao za Shefu Ruphin

Asubuhi aliyofariki Shefu Ruphin, Laurent hakwenda matangani. Alifungua karakana, akachagua mbao za mulombwa zilizokauka vizuri, akaanza kumtengenezea sanduku la kuzikiwa. Hakuna aliyemwagiza. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa Ruphin, tangu walipokuwa wawili tu, wakivutana msumeno mmoja. Baadaye mafundi wakafika ishirini, Ruphin akawa bourgmestre, mkuu wa wilaya ya mji, akahamia ofisi ya komini. Hata hivyo kila Jumamosi alivua koti, akaenda na Laurent kwenye shule ya mtaani kurekebisha madawati yaliyovunjika.

"Mutoto hawezi kusoma akiikala chini," alizoea kusema, na maneno yakaishia hapo.

Siku ya pili, sanduku likiwa limebaki kupakwa rangi tu, Laurent alikwenda Makomeno, nyumbani kwa marehemu, kuwaarifu wafiwa. Merdi, mtoto mkubwa wa marehemu, alimpokea langoni.

"Aksanti sana, papa Laurent. Lakini famille ilisha kununua ingine, ya vioo."

"Sikujua."

"Ni sisi tulisahau kukuambia. Utusamehe, papa."

Alisema kwa heshima, macho yamevimba kwa kulia, na Laurent hakuweza hata kumkasirikia. Akaketi nyuma kabisa ya waombolezaji. Watu wa komini walisimama kutaja barabara na visima, wafanyabiashara wakataja vijana waliopata kazi kwa marehemu. Yote yalikuwa kweli. Laurent alingoja mtu ataje zile Jumamosi. Hakuna aliyezitaja.

Mama mmoja aliyeketi kando yake alimgeukia. "Weye ni wa upande wa nani, papa?"

Laurent alifikiri. "Nilikuwa natumika kazi naye," akajibu.

Walipotoka makaburini alirudi kwake peke yake. Mke wake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na binti yao Daniella anaishi Kolwezi na wanawe. Alisonga bukari kidogo, akala nusu, akafunika iliyobaki.

Jumamosi aliamka saa ileile. Alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja alipokumbuka kwamba hakuna anayemngoja. Alikaa kitandani muda mrefu, kiatu cha pili mkononi. Kisha akakivaa. Akaenda karakana, akabomoa lile sanduku ubao kwa ubao, akang'oa misumari, akapakia mbao kwenye mkokoteni.

Shuleni alimkuta mwalimu mkuu mpya, Sephora, ambaye hakumjua.

"Nani alikutuma, papa?"

"Hakuna. Ni miye tu."

Sephora alimtazama, akatazama mbao, akamfungulia darasa.

Dawati la kwanza halikumsumbua. La pili lilitaka ubao mrefu, na ubao mrefu hutaka mtu wa upande wa pili. Laurent aliubana kwa goti, ukateleza. Akaubana tena, ukateleza. "Shika basi," alisema bila kugeuka, kama alivyosema miaka yote, na sauti yake ikasikika darasa zima. Akaweka nyundo chini. Akalia, si sana, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la mbao. Mwishowe aliegemeza ubao ukutani, akapigilia taratibu, polepole kuliko zamani.

Saa sita Sephora alikuja kutazama. Akasukuma dawati, halikutikisika.

"Inabakia kumi na moja, papa."

"Niliiona," alisema Laurent. "Nitarudi Jumamosi."

Akausukuma mkokoteni hadi barabarani, akarudi mwenyewe kufunga lango, kazi iliyokuwa ya Ruphin.