Kiungo Kimoja kwa Kila Mtoto

Wodi ya watoto ilimwita Shangazi Fomu. Alikuwa karani wa takwimu kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mkimya aliyechonga penseli kwa wembe na kuwajua wagonjwa kwa namba za majalada yao.

Fomu ya sepsisi, yaani maambukizi yanayouvuruga mwili mzima, ilikuwa na kisanduku kimoja: "Kiungo kilichoshindwa." Mtoto akishindwa figo na mapafu, Shangazi aliamriwa achague. Ndiyo maana kila mwaka mganga mkuu aliwatangazia wageni kwamba hapa kwetu sepsisi haijapata kuangusha viungo viwili vya mtoto mmoja. Wageni walipiga makofi. Daftari la Shangazi, droo ya chini, lilisema vingine: kati ya watoto arobaini wa mwaka uliopita, kumi na mmoja walishindwa viungo viwili. Wanane kati yao hawakurudi nyumbani.

Jumatatu moja asubuhi aliletwa binti wa miaka minne. Kufikia saa sita figo zilikuwa zimegoma, na mapafu yanafuata. Chumba cha mahututi kilipokea tu mtoto aliyeshindwa viungo viwili, tena kwa fomu. Kwa hiyo kitanda cha huko kilikaa kitupu, kimetandikwa vizuri.

"Shangazi, andika vyote viwili!" muuguzi alihema.

"Nikiandika viwili, mahututi wanairudisha. Wiki jana wamerudisha mbili."

"Sasa mwenzangu, tumwambie mtoto asubiri fomu mpya ichapwe?"

Mama wa binti alisimama mlangoni, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. "Dada yangu, mimi fomu sizijui. Mwanangu hapumui vizuri."

Shangazi akavuta fomu mbili. Moja figo, moja mapafu. Jina lile lile, umri ule ule. Akazibana pamoja, akazipeleka mwenyewe. Karani wa mahututi akahesabu kwa kidole. "Viwili. Mleteni."

Siku ya tisa binti aliomba maji, akamwita daktari mwizi wa damu. Wiki iliyofuata akaruhusiwa.

Mwisho wa mwezi ofisi kuu ikashtuka: wameingia watoto wawili, ametoka mmoja. Ikaundwa kamati ya watu saba.

"Shangazi," mwenyekiti akauliza, "huyu wa mapafu yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani na yule wa figo, mzee. Mama yao kawabeba mgongo mmoja."

Mwenyekiti akaandika yote, kisha akauliza kama huyo mama alitia saini mara mbili.