Skrini ya Buluu Kila Jumapili

Laptopu haikuwa imemaliza hata mwaka. Binti yangu aliniletea muda mfupi kabla ya kupanda ndege kwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu. Akaiweka juu ya meza hapa kwangu Nyalenda, akanionyesha mahali pa kubonyeza ili nimwone. "Kila Jumapili ukitoka kanisa, mama," akasema. Simu yangu ni kabambe, inapiga na kupokea tu, kwa hivyo uso wa mtoto wangu wa pekee nikawa nauona ndani ya mashine hiyo na si kwingine. Alisema anaenda kwa muda tu. Muda gani, hakusema, nami kwa wakati huo sikuuliza.

Miezi ya kwanza tuliongea vizuri. Kisha vituko vikaanza. Tukiwa katikati ya maneno uso wake unaganda, kioo chote kinageuka buluu, na juu yake kunatokea kijichoro cha uso wenye huzuni. Nilitaka kukizaba kofi. Wewe unasikitika nini? Mtoto ni wako?

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na swali moja, utarudi lini, na swali kama hilo humrukii mtu nalo. Unaanza na salamu. Unauliza kazi, unauliza kama amekula, unampa habari za mvua, nani ameoa, na kama dada yangu kule ziwani Luanda Kotieno bado anaanika dagaa wa omena au mgongo umemshinda. Hapo ndipo unaanza kukaribia, polepole. Nami kila nilipokaribia, buluu. Jumatatu inanikuta na swali langu bado liko kifuani.

Nilimkumbuka sana. Nilikumbuka hata yale yaliyokuwa yakiniudhi, viatu vyake kuzagaa mlangoni, na tabia yake ya kukimbilia kichwa cha ngege kabla sijaketi. Siku hizi nikipika samaki kichwa kinabaki kwenye sahani kikinitazama, na hakuna wa kugombana naye.

Basi tukaanza kuutafuta ugonjwa. Ikizima, yeye ananipigia kwenye kabambe.

"Mama, imezima tena?"

"Imezima."

"Imekuandikia nini?"

"Kizungu kirefu na namba."

"Nisomee."

Namsomea herufi moja moja, naye anaenda kutafuta maana yake, na Jumapili inayofuata anakuja na dawa mpya. Mara nibonyeze hapa, mara nifute kile. Aliposema ijisasishe, niliiacha siku nzima ikinywa waifai ya ploti mpaka majirani wakanuna. Nikashuku stima, nikawa nachomoa friji kabla hatujaanza kuongea. Mama mmoja wa kanisa akaniambia niiombee. Hata hilo nilifanya, nikaiwekea mikono kabisa, na ikazima vilevile.

Mwishowe nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja Kondele, mwanamume wa makamo mwenye kibanda cha mabati. Alikaa nayo siku kadhaa. Niliporudi alinitazama kwa huruma nisiyoipenda.

"Mama, hii kitu iko sawa. Nimewatch nayo mechi, haijawahi zima."

"Kwa hivyo mimi naota?"

"Si kuota. Kuna vile unaifanyanga huko kwako. Hebu fanya hapa nione."

Meza yake ilikuwa imejaa misumari na mafuta meusi. Siwezi kuweka kitu changu juu ya uchafu kama ule, kwa hivyo nikatoa kwenye mkoba kitambaa chake, kile inachokaliaga nyumbani. Katika nyumba yangu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, friji ina chake, makochi yote yamevaa, hata chupa ya chai. Cha laptopu nilikifuma kwa uzi wa sufu, kinene kuliko vyote, nikachukua miezi kukimaliza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinibebea mtoto. Nikakitandaza, nikaiweka juu yake, nikampigia.

Aliitika ameshtuka, maana haikuwa Jumapili. "Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Niko kwa fundi. Umekula?"

Fundi akacheka huku akifungua redio ya mtu. Tukaongea, binti yangu na mimi, jua likipiga mabati juu yetu. Swali langu sikuligusa, si la kuuliza mbele ya watu. Nilikuwa namweleza habari ya mvua alipoganda, na kioo kikageuka buluu.

"Umeona!" Niliruka kutoka kitini. "Si nilikuambia? Umeona!"

Sijawahi kuufurahia ule uso wa huzuni kama siku hiyo. Fundi aliinua laptopu, akapitisha kiganja chini yake, akakiondoa haraka. Kisha akakitazama kitambaa.

"Mama, ni hii. Inavutanga hewa na hapa chini, na mkiongea mkionana ndio inafanya kazi ngumu. Umeiziba pua."

Akafungua chini kwa bisibisi, na kwenye feni akavuta nyuzi nyeupe za sufu. Nilizijua. Niliona aibu, halafu nikaona uchungu, kwamba miezi yote hiyo nilikuwa namkatiza mtoto wangu kwa kazi ya mikono yangu. Lakini njiani kurudi nyumbani furaha ilinishika. Jumapili hii, nikajiambia, hakuna wa kutukata.

Jumapili ikafika. Niliiweka juu ya mbao tupu nikampigia. Akaonekana, amesuka nywele upya, nyuma yake pazia nisilolijua. Tukasalimiana. Kazi, sawa. Chakula, amekula. Nikampa habari za mvua, nikampa za harusi, nikampa za dada yangu na mgongo wake. Tulifika pale inapozimaga, tukapita. Nikarudi kwenye mvua mara ya pili. Ndipo nikajua kwamba naogopa, kwamba nilikuwa nimezoea kuokolewa na ile buluu, na leo haiji.

"Nyathina," nikamwita, mwanangu, kama nilivyokuwa nikimwita alipokuwa mdogo. "Utarudi lini nyumbani?"

Uso wake ukasimama, mdomo wazi kidogo. Nikangoja. Nikadhani imekwama tena, nikaingiza vidole chini yake nione kama imepata moto. Haikuwa na joto lolote. Nilipoinua macho, nilimwona akipepesa yake.