Mwenzake wa Kinamasini

Kisa alikuwa mwoga, na hakuwahi kulikana hilo. Aliogopa radi, aliogopa vyura, aliogopa mbwa hata aliyefungwa, na alipokuwa shule ya msingi kule Ipyana aliwahi kutoka mbio mstarini kwa sababu kengele iligongwa ghafla. Sasa ukisikia kwamba mtu wa namna hiyo, akishaosha vyombo na kugeuza kakao kwenye kichanja, kila mchana hujifungia chumbani kucheza gemu la kutisha kwenye simu, utasema ana wazimu. Mwenyewe alijitetea kwamba woga wa kwenye simu una raha yake, maana ukizidi unauzima.

Gemu lenyewe liliitwa Kinamasi. Wasafiri wawili wanavuka bwawa pana, wamefungana kamba kiunoni, wana taa moja. Ndani ya maji kuna kitu. Hakionekani, kinasikiliza tu. Ukikanyaga tope kwa pupa kinakusikia, ukisimama mno mahali pamoja kinakusogelea, na dalili pekee ya kuja kwake ni vyura kunyamaza. Kisa, ambaye maisha yake yote alikuwa hawataki vyura hata kwa kuwasikia, alijikuta anawaombea waendelee kulia.

Ila ukimwuliza kilichomtisha zaidi, hakusema hicho kitu cha majini. Alisema ni zile nyumba. Katikati ya bwawa kulikuwa na vibanda vya miti, na ukiingia unakuta mkeka umetandikwa, chungu bado kina mvuke, kanga imeanikwa, na watu hakuna. Hakuna damu wala mifupa. Watu wameondoka tu, wameacha ugali. Kila alipoingia kwenye kibanda kama hicho, nywele zilimsisimka, na bado aliingia kila kimoja kuchungulia chunguni.

Gemu hilo hulichezi peke yako. Linakutafutia mwenzako, mtu yeyote anayeandika lugha yako na asiyekuwa mbali nawe, kisha mnasemeshana kwa kuandika. Kisa alijiandikisha kwa jina la Chuma, na hapo ndipo utakapojua kuwa waoga wana vituko. Mwenzake alijiita Kapteni. Walikuwa pamoja wiki ya tatu sasa. Kisa alimdhania kuwa kijana wa bodaboda huko Kasumulu, anayesubiri abiria wa kuvuka mpaka, basi akamtendea kama kijana wa bodaboda.

"Kapteni, macho umeyasahau nyumbani?" alimwandikia.

"Samahani mkuu," Kapteni alijibu.

"Ukigusa tena hiyo taa nakukata kamba, ukaliwe."

"Usinikate mkuu, nina familia."

Kisa alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mto. Hakutaka kicheko chake kivuke ua.

Alikuwa na sababu. Alikuwa ameolewa miezi minane tu, kwa Tumaini, wakala wa forodha aliyekuwa akishinda wiki nzima Kasumulu na kurudi Jumamosi. Nyumba yao ilikuwa ndani ya boma la wazazi, nje kidogo ya mji wa Kyela upande wa ziwani, na kati ya nyumba hiyo na ile ya baba mkwe palikuwa na migomba, jiko, na hatua kama thelathini. Hizo hatua thelathini Kisa hakuwahi kuzimaliza.

Ilikuwa ni kutila. Mkwe wa kike hamwangalii baba wa mumewe, hasemi naye, hatamki jina lake, hakai alipo. Familia nyingi zimeshaacha, siku hizi utawakuta wakwe na mawifi wote meza moja wanapiga picha. Lakini mama mkwe alikuwa ameishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Kwa hiyo mzee Nsajigwa alikohoa kabla ya kutoka nje, na Kisa akisikia kikohozi alijifunika kitenge na kugeukia migombani. Alimjua kwa kikohozi, kwa mgongo, na kwa kandambili zake za bluu. Sura yake hakuijua. Siku ya harusi alikuwa ameinamisha kichwa tangu kanisani mpaka jioni.

"Kutila si adabu tu, mwanangu," mama mkwe alimwambia mara moja, wakichambua mchele. "Kuna mke wa ukoo huu alidharau. Alizaa mtoto asiyelia."

Kisa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Maneno hayo yalimwingia yakakaa.

Basi siku ya Jumanne, Kapteni aliandika, "Ngoja Chuma, ng'ombe amekata kamba." Kisa akangoja. Nje akasikia kishindo, akachungulia dirishani. Ng'ombe wa nyumbani alikuwa anaingia kwenye mihogo, na nyuma yake mzee Nsajigwa anakimbia, kamba mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akamkamata, akamfunga, akarudi mpaka kwenye migomba, akasimama kivulini, mgongo huku, akainamia simu yake.

Simu ya Kisa ikatetemeka mkononi. "Nimerudi mkuu."

Aliitupa kitandani kana kwamba imemuunguza. Kisha akakaa chini sakafuni, akashika tumbo kwa mikono miwili. Mzee alikuwa fundi mitambo wa meli, pale bandari ya Itungi, miaka ishirini na nane. Angejiita nini kama si Kapteni? Na angekosaje kuzoea simu, mtu aliyezoea mashine? Kisa alijiona mjinga. Aliokota simu akasoma yote aliyomwandikia tangu wiki ya kwanza. Macho umeyasahau nyumbani. Kipofu wewe. Nyamaza unifuate. Kila neno lilimtoa jasho. Hakuishia kusema na baba mkwe wake tu, alikuwa amemtukana, amemwamrisha, amefungana naye kamba kiunoni siku kumi na tisa.

Alimpigia Tumaini. Alimweleza yote.

"Yeye anajua kuwa ni wewe?"

"Sijui. Naogopa, Tumaini. Naogopa kwa ajili ya mtoto."

"Futa hilo gemu. Na mama asijue, tafadhali."

Hakulifuta. Si kwa ubishi, ni kwamba kila alipotaka kulifuta palikuwa na ujumbe mpya. "Chuma unaumwa?" Jumatano tena, "Chuma, nimesimama pale pale kwenye kibanda, sijaenda bila wewe." Alisoma, akafunika simu kwa mto, akatoka kwenda kugeuza kakao ambayo alikuwa ameshaigeuza.

Alhamisi asubuhi mama mkwe alifunga kanga ya msibani. Alikuwa anakwenda Ipyana kwenye maziko, na nusu ya kitongoji ilikuwa inakwenda naye.

"Chakula cha baba yako saa saba kamili," alisema. "Anajichoma sindano yake ya sukari, na akishajichoma lazima ale. Weka sahani kizingitini, gonga mlango, ondoka. Atakuwa ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu," mama mkwe alimshukuru kwa kikwao.

Saa saba kasoro Kisa alikuwa amepakua wali na samaki kwenye sahani, na mchuzi kwenye kijungu cha udongo cha wafinyanzi wa Ikombe, ambacho bila hicho mzee hakuwa akila. Akajifunika, akabeba sinia, akazunguka jiko, na hapo moyo ukamlipuka. Mzee hakuwa ndani. Alikuwa amekaa barazani mlangoni penyewe, simu mkononi. Ili kuweka sinia kizingitini ilibidi apite mbele ya magoti yake.

Alirudi nyuma ya jiko, akaweka sinia chini, akasimama. Angekohoa? Mkwe hakohoi, mzee ndiye anayekohoa. Angeita? Kwa jina gani? Alisubiri mzee aingie, na mzee hakuingia. Wali ulipoa. Saa saba na nusu ikapita. Kisa alimwona mgongo kupitia ufa wa ukuta, anafuta kioo cha simu kwa shati, anatazama njia, anafuta tena. Akili ilimwambia nenda, miguu ikakataa, na baina ya akili na miguu yake, tangu utoto miguu ndiyo ilikuwa na sauti.

Ndipo akapata ujanja, ujanja wa mwoga. Alifungua gemu. Kapteni alikuwa akilalamika siku zote kwamba juani haoni kitu kwenye kioo. Wakianza kucheza ataingia ndani, na akiingia yeye ataweka sinia, atagonga, atakimbia.

"Chuma! Umepona," Kapteni aliandika papo hapo. "Ngoja niingie ndani, jua kali."

Baraza ikabaki tupu. Kisa alishusha pumzi, akainama achukue sinia, na kwenye simu vyura wakanyamaza.

Hapa sitamtetea. Angeacha wafe wote wawili, ni gemu tu. Lakini taa ilikuwa mkononi mwake, kile kitu kilikuwa kinakuja, na mtu aliyesimama siku mbili kibandani akimngoja angeliwa mbele ya macho yake. Alikimbiza vidole. Alimvuta Kapteni kwa kamba hadi kwenye mizizi ya mti mkubwa, wakajibanza, wakanyamaza. Zikapita dakika kumi, pengine zaidi.

"Twende sasa, polepole," aliandika.

Kapteni hakwenda.

"Kapteni, tembea."

"mkono unatetemka," Kapteni aliandika. Kisha, "sioni vzr". Kisha ikaja mistari ya herufi zisizokuwa neno, kkkkhhn, na baada ya hapo hapakuja kitu. Kwenye kioo yule msafiri alikuwa amesimama majini hadi magotini, kichwa kimeinama, na kamba baina yao imelegea.

Kwa nukta moja Kisa alidhani anataniwa. Halafu akatazama chini, akaona sinia, wali umekauka juu, mafuta ya mchuzi yameganda. Akakumbuka sindano.

Alipiga simu kwa mama mkwe, ikaita bila kupokelewa, huko makaburini wanaimba. Tumaini hakupatikana. Alitoka hadi njiani akatazama huku na huku. Milango yote ilikuwa na kufuli, watu wako Ipyana. Hapakuwa na mwingine. Alirudi mbio, akachota sukari kwenye kopo kwa kiganja, nyingine ikimwagika njiani, na zile hatua thelathini alizimaliza bila kuzihesabu.

Mlangoni miguu iligoma. Mlango ulikuwa nusu wazi, ndani kimya, ila kulikuwa na mkoromo, mzito, wa mtu asiyelala usingizi mzuri. Mtoto aligeuka tumboni, na Kisa akamwambia kwa sauti, "Nisamehe."

"Baba," aliita. Neno hilo hakuwahi kulisema kwa upande wa ukweni. "Baba, hodi."

Akaingia.

Mzee Nsajigwa alikuwa sakafuni kando ya kiti, jasho limemlowesha shati, macho nusu wazi yanatazama pasipo na kitu. Kisa alipiga magoti. Alikumbuka maneno ya nesi, aliyoyasikia mama mkwe akiyarudia kama sala: akizidiwa msimmiminie maji atapaliwa, mlazeni ubavu, mpakeni sukari ndani ya shavu. Kwa hiyo alimgeuza. Kisha mkwe ambaye hakutakiwa hata kulitaja jina la mzee huyo alimfungua mdomo kwa vidole vyake, akampaka sukari kwenye fizi, upande huu na upande huu, huku akilia na kamasi zikimtoka, akisema, "Meza, baba, meza." Akachovya kidole, akarudia. Sura ambayo hakuwahi kuiona ilikuwa hapo, kiganja kimoja kutoka kwake, na ilikuwa sura ya Tumaini iliyozeeka, na ilikuwa imepauka kama majivu.

Hakujua zilipita dakika ngapi. Alijua tu kwamba sukari ya kiganjani ilikuwa imekwisha na ameanza kuokota ya sakafuni, mara koo la mzee likapanda na kushuka. Akameza. Akameza tena. Mkoromo ukapungua. Macho yakarudi taratibu, yakazunguka dari, yakashuka ukutani, yakamfikia Kisa usoni, yakakaa hapo.

Kisa aliduwaa. Kitenge kilikuwa kimemdondoka tangu mlangoni, kichwa wazi, hana pa kujificha. Alitaka kuinuka akimbie, akashindwa.

Mzee alifumba macho. Kwa mkono uliokuwa bado unatetemeka alijifunika uso, akageukia ukutani. Alikaa hivyo, anahema.

"Nani hapo?" mzee aliuliza ukutani, ulimi mzito.

Kisa alitazama sukari iliyomganda vidoleni.

"Kama ni mkwe wangu," mzee alisema polepole, akipumzika kati ya neno na neno, "atoke, nami sikumwona. Kama ni binti yangu, anisaidie niketi."

Nje ng'ombe alilia mara moja. Kisa alitazama mlango, ulikuwa wazi, na kitenge chake kilikuwa pale chini karibu na kizingiti. Woga haukuwa umemtoka hata chembe. Alipitisha mkono wake chini ya bega la mzee, akamwinua.